Mtoto wa dada anamshinda binti yangu mbioni, na watu wanasema si msichana

Assalamu alaykum dada,

Naandika nikiwa Pemba, na nakuomba usitaje kijiji changu wala skuli. Nina watoto wanne lakini barua hii ni ya wawili. Binti yangu ana miaka 16. Mwenziwe ana miaka 17, ni mtoto wa dada yangu aliyefariki mtoto akiwa na miaka minne. Nilimchukua siku ya arubaini na mpaka leo yuko kwangu. Wamelala kitanda kimoja, wamesoma chuo kimoja cha Kurani, na kila Sikukuu nguo zao zimekatwa katika kitambaa kimoja.

Wote wawili wanakimbia, mita 800 ndiyo mbio yao. Alasiri maji yakipwa huteremka pwani na surwali zao na ushungi, wakakimbia mpaka kwenye mikoko na kurudi, mwalimu wao wa michezo akiwapimia muda kwa simu. Mwanzo binti yangu ndiye aliyekuwa mbele. Mwaka juzi mtoto wa dada akampita, na tangu hapo hajashindwa tena. Wala hampiti kwa hatua mbili. Anamaliza, anavuta pumzi, kisha anageuka kumsubiri mwenziwe.

Mwaka huu walikimbia uwanja wa Gombani, kuchaguliwa watakaovuka kwenda Unguja. Mtoto wa dada akawa wa kwanza, binti yangu wa pili. Hata hajakaa chini, wanawake wa skuli nyengine wakaanza: "Dume hilo!" Kweli ni mrefu, mabega mapana, kifua hakijajaa, na sauti yake ilikuwa nzito tangu yuko darasa la saba. Mwalimu mmoja wa kike wa upande wa pili akamshika mkono, akasema waende chooni akaangaliwe ili maneno yaishe. Mtoto aliing'ang'ania nguzo. Mimi nilikuwa jukwaani, na mpaka nashuka watu wameshajaa na simu wameziinua. Sikukubali aende, lakini alikwishaadhirika.

Sasa siri yenyewe. Mtoto huyu hajavunja ungo. Binti yangu alivunja ungo akiwa na miaka 13. Somo wake, yaani kungwi wake, aliniambia tungoje, wapo wanaochelewa, nami nikangoja. Waliojua ni mimi, somo wake, na binti yangu kwa kuwa wanalala pamoja. Siku chache baada ya Gombani tumekaa na majirani tunachambua karafuu, nikamsikia mmoja anasema, "Mbona hata damu haoni." Nikajua imetoka wapi. Nilipomuuliza binti yangu hakukana. Alilia, akaniambia: "Mama, mimi naamka alfajiri kama yeye, nala anachokula yeye, nakimbia mpaka natapika. Kama yeye hakuumbwa kama sisi, mbona nashindanishwa naye? Wewe unaona ni haki?" Nilimpiga kofi, dada. Najuta mpaka leo, na jibu sikuwa nalo.

Skuli wameniita. Wamesema kwa adabu kwamba nimpeleke mtoto hospitali, nilete karatasi inayosema ni mwanamke, la sivyo nafasi ya Unguja atapewa wa pili. Wa pili ni binti yangu. Nikimpeleka, watu watasema namtoa yatima ili wangu apite. Nisipompeleka, wangu ataona nimemdhulumu. Mume wangu anataka waache mbio wote wawili. Ami wa mtoto anasema aozwe, akiolewa maneno yatakwisha. Majirani wanasema ni mwanamume aliyejigeuza, kama wale wa Ulaya wanaowaona kwenye simu. Mimi ndiye niliyemkogesha mtoto huyu, hakuna kilichogeuzwa.

Tangu siku ile hawakimbii pamoja. Mtoto wa dada ametandika mkeka chini, kitanda amemwachia mwenziwe, na hasemi kitu. Nimpeleke akapimwe? Na kama wataona jambo, nitalifanya nini?

Mama wa wawili, Pemba

*

Wa alaykum salaam, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nikaona kitu ambacho labda wewe hukukiona wakati unaandika: mmoja umemwita "binti yangu" kila ulipomtaja, na mwengine "mtoto wa dada". Sikulaumu. Mtu aliyelea mtoto kwa miaka 13, akamkogesha na kumvisha Sikukuu, hana haja ya kufundishwa na mimi namna ya kupenda. Nakuonesha kwa sababu nahisi uzito mkubwa unatokea hapo. Unaogopa kwamba lolote utakaloamua litasomwa kama hukumu ya mama dhidi ya yatima, na hofu hiyo imekuzuia kulitazama jambo lenyewe.

Kama nimekuelewa, unaye msichana wa miaka 17 ambaye hajavunja ungo, na hilo ni la afya yake. Unaye msichana wa miaka 16 anayeuliza kama anashindanishwa kwa haki, na hilo ni la michezo. Halafu kuna karatasi ya skuli. Watu wa Gombani waliyakoroga yote wakayafanya swali moja, ni mwanamke au si mwanamke, nawe umelipokea hivyo hivyo ukaja nalo nyumbani. Tuyatenganishe kidogo.

Naanza na afya, kwa sababu hapo ndipo nina wasiwasi. Somo wake alisema kweli kwamba wapo wanaochelewa. Lakini madaktari wanashauri msichana aliyefika miaka 15 au 16 bila ya kuona damu aangaliwe, awe mkimbiaji au asiwe. Sababu ni nyingi. Msichana anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo anaweza kuchelewa. Wengine ni kurithi tu, na labda unakumbuka marehemu mama yake alivunja ungo lini. Wengine njia imezibwa na utando, damu inajikusanya ndani, nao huumwa tumbo kila mwezi bila ya kusema. Wengine wana hitilafu ya tezi. Na wapo waliozaliwa na maumbile ya ndani yasiyofanana na ya nje: msichana kwa kila unachokiona, lakini ndani hana kizazi, au ana tezi za kiume zilizobaki tumboni. Ipi kati ya hizi ni yake, mimi siwezi kujua, wala majirani wa karafuu hawawezi. Mabega mapana na kifua kidogo havithibitishi chochote, wakimbiaji wengi wako hivyo. Nakuomba tu ufikirie kama miaka hii miwili ya kungoja ilikuwa ni subira peke yake, au ndani yake mlikuwamo na hofu ya kujua.

Hayo ya "kujigeuza" nayapitia haraka. Wanaoitwa waliobadili jinsia ni watu waliozaliwa na kuandikwa wanaume, kisha wakaishi kama wanawake, au kinyume chake. Nao ni binadamu wenye maisha yao, na michezoni wana kanuni zao: tangu Machi 2023 shirikisho la riadha la dunia halimruhusu mwanamke wa aina hiyo kukimbia na wanawake kimataifa ikiwa amepitia balehe ya kiume. Mtoto wako hayumo humo. Aliandikwa msichana siku aliyozaliwa na hajawa kitu chengine. Hata akionekana na maumbile niliyoyataja, hilo halikuanza kwenye simu za Ulaya. Vitabu vya fikihi ya Shafii, hii hii inayosomeshwa kwetu, vina masuala ya huntha, yaani mtu ambaye maumbile yake hayakubainika ni ya kiume au ya kike, tangu karne nyingi. Wanavyuoni walijadili anavyorithi na safu gani asimame katika sala. Waliuliza mahali pake pa kusimama, na suala la kumtoa msikitini halikuwamo. Simwiti mwanao huntha. Nakwambia tu kwamba ukiwa na swali la dini kuna milango ya kubisha, na hutakuwa wa kwanza kubisha.

Tuje kwa binti yako, na hapa nataka tukae. Swali alilokuuliza usilipeleke kwenye wivu. Watu wazima wenye mahakama na maabara wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne. Mbio za wanawake zimetengwa kwa sababu ya kweli. Kabla ya balehe wavulana na wasichana hawapishani sana. Baadaye homoni ya testosteroni humpa mvulana misuli, mifupa mirefu na damu inayobeba hewa zaidi, hata kwenye mbio za juu tofauti hufika kama asilimia 10 hadi 12. Wakikimbia pamoja, wasichana hawatabaki fainali. Kwa hiyo binti yako anapouliza "mbona nashindanishwa naye", analinda kitu ambacho hata mwenziwe kinamlinda.

Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mita 800 hiyo hiyo ya wanao, washindi walikuwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu walilelewa wasichana, na wote baadaye wakaguswa na kanuni za wanawake ambao miili yao hutengeneza testosteroni nyingi kwa maumbile. Wa nne alikuwa Melissa Bishop wa Kanada, akaondoka bila ya medali. Mimi nikiwaza mbio zile nawaonea huruma wote wanne. Semenya alipimwa jinsia mwaka 2009 akiwa na miaka 18, dunia nzima ikimtazama, na hakuna dawa wala ujanja wowote aliowahi kukutwa nao. Bishop naye alifanya kila kilichokuwa mikononi mwake.

Semenya aliishitaki kanuni iliyomtaka apunguze testosteroni ndipo akimbie na wanawake. Mwaka 2019 mahakama ya michezo ilisema, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, kwamba kanuni ile ni ubaguzi, ila ni ubaguzi wa lazima ili mbio za wanawake zibaki za haki. Julai 2025 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ikaona kwamba kesi yake haikusikilizwa kwa haki huko Uswisi alikokata rufaa. Kama majaji wanagawanyika hivyo, usijione mjinga kwa kukosa jibu mbele ya mtoto anayelia. Ungeweza kumwambia hivyo hivyo: swali lako ni zuri na mimi jibu sina. Ninachokiona yeye amekosea ni kutoa siri ya mwenziwe nje. Hilo na swali lake ni mambo mawili, na nadhani kofi lile lilimfanya aamini kwamba ni moja.

Jua pia kwamba kanuni zenyewe hazitulii. Mwaka 1966 huko Budapest wanariadha wanawake walipitishwa uchi mbele ya madaktari ili waonekane ni wanawake. Aibu ile haikudumu, ndani ya miaka miwili walikwishahamia kwenye kupima chembe za shavuni. Hata wanaotaka vipimo vikali leo hawataki lile alilolitaka mwalimu wa Gombani, na wewe uliposhuka jukwaani ukakataa ulifanya jambo kubwa kuliko unavyojipa. Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 walipimwa wanawake 3,387, wanane wakakutwa na jeni ya SRY, ambayo kawaida huwa kwa wanaume, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana. Sasa jeni hiyo hiyo ndiyo mlango: tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanamke anayetaka kushindana kwenye riadha ya ngazi ya dunia hupimwa mara moja maishani, kwa ute wa shavuni au damu. Ikionekana, kuna uchunguzi zaidi, na wale ambao miili yao haiitikii kabisa testosteroni bado huruhusiwa. Andrew Sinclair, mwanasayansi wa Australia aliyeigundua jeni hiyo mwaka 1990, amepinga isitumiwe hivyo. Anasema inaonesha kama jeni ipo, haioneshi mwili umeifanyia nini.

Kanuni hizo ni za mashindano yanayohesabiwa kwenye orodha ya dunia. Mwalimu mkuu anapodai karatasi kwa mbio za skuli, nenda umuulize kwa upole imeandikwa wapi, nani ataisoma na itawekwa kabati gani. Cheti cha kuzaliwa unacho. Karatasi ya daktari "inayosema ni mwanamke" ni ngumu kuliko wanavyodhani, hakuna daktari mwangalifu atakayeiandika kwa kumtupia jicho tu.

Njia zako naziona hivi. Unaweza kumpeleka kwa daktari wa kina mama kwa ajili ya ungo wake, bila ya kuifunga safari hiyo na tarehe ya Unguja wala na skuli. Ukiona Pemba kuna macho mengi, boti ya Mkoani ipo, na hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, hakuna anayekujua. Faida yake ni kwamba kama kuna linalohitaji tiba, litajulikana mapema. Hatari yake ni kwamba ukishajua huwezi kurudi kutojua, naye ndiye atakayeishi nalo. Kwa hiyo aulizwe kwanza. Ana miaka 17. Aelezwe ataangaliwa nini na nani, aambiwe ana haki ya kusema leo sitaki, na majibu yawe yake kabla hayajawa yako. Mbele ya daktari jihadhari na kitu kimoja, haraka ya kisu. Annet Negesa wa Uganda alikuwa mkimbiaji wa mita 800 aliyeahidi mengi. Mwaka 2012 alizuiwa kwenda Olimpiki ya London, akafanyiwa upasuaji ambao mwenyewe anasema hakuelezwa vya kutosha, na mbio zake zikaishia hapo. Shirikisho la kimataifa limekana kuhusika. Kama daktari atazungumzia upasuaji, uliza kwa nini, uliza kwa nini sasa, na uombe maoni ya daktari wa pili.

Unaweza pia kumwacha avuke Unguja kwa cheti chake cha kuzaliwa. Atakimbia, na huenda atazomewa tena, basi mtu wake awe karibu na mstari wa kumalizia, asiwe jukwaani. Kwa njia hii unalisogeza swali mbele tu. Akifika mbali kama kipaji chake kinavyoonesha, kipimo kitamngojea huko, na kujulia hotelini ugenini ni kubaya kuliko kujulia ubavuni mwa mama.

Au akae nje safari hii, kwa kutaka mwenyewe. Ila watu watasema amekiri, na binti yako atapata nafasi ambayo kila atakapoitazama ataona uso wa mwenziwe. Muulize binti yako kama ndiyo nafasi aliyoitaka. Usimjibie, watoto hutushangaza.

Mume wako anayetaka wote waache ana hofu ya baba, na hofu hiyo naiheshimu. Fikirini pamoja kama kuacha kutafunga midomo ya watu, au kutawapa wao ushindi na kuwaachia wasichana wako alasiri ndefu za kutazamana. Ami anayetaka kuoza, huyo zungumza naye mapema. Kama ndani ya mwili wa mtoto kuna jambo, nyumba ya ndoa ndipo litakapofichuka, mbele ya mume asiyejua na mawifi wasiomwonea huruma. Sioni sitara katika hilo.

Na yakionekana yale unayoyaogopa? Daktari atakwambia labda hatazaa, labda atahitaji kuangaliwa tezi zile kila baada ya muda, kwa kuwa zikibaki tumboni huweza kuleta uvimbe. Labda mlango wa mbio za kimataifa za wanawake utafungwa. Niyonsaba ulipofungwa mlango wa mita 800 alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka 2023 kanuni zikapanuliwa, na mlango huo nao ukafungwa. Sikufichi hilo, linaumiza. Lakini jina lake, ushungi wake, nafasi yake kwenye mirathi ya mama yake na mlangoni kwako, hivyo daktari hana kalamu ya kuvifuta. Mwambie kabla hamjapanda boti, ayasikie kutoka kwako angali hajui majibu.

Umeniuliza kumpima au kutompima, na mwanao bado hajaulizwa lolote, yuko kwenye mkeka. Anza hapo, hata usiku wa leo. Usimuulize ya ungo wala ya Gombani. Kaa naye kwenye mkeka huo, umuulize kwa nini amehamia chini: ni yeye anayemkimbia mwenziwe, au anadhani mwenziwe hamtaki tena kitandani? Kisha muulize binti yako swali hilo hilo, na uniandikie walivyojibu.